Kuhama Nyumba Mombasa Bila Kuvurugikiwa: Mwongozo Kamili wa Kufunga Vyombo

Kubeba siyo kinachochosha katika kuhama. Mahamali wanne na kanta (lori dogo) moja humaliza nyumba ya vyumba viwili vya kulala asubuhi moja tu, na adhuhuri wakawa wamekwenda zao. Kinachochosha ni maamuzi. Kabati hili litapita mlangoni? Sufuria za shughuli tunakwenda nazo au tunamrudishia shangazi? Nati za kitanda nani alizishika? Maswali haya yakiachwa mpaka gari limeegeshwa nje na dereva anapiga honi, kila mtu atayajibu akiwa na kitu mkononi, na hapo ndipo sahani huvunjika na watu hukosana. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zina shabaha moja: maamuzi yaishe kabla ya siku yenyewe, siku ya kuhama ibaki kazi ya mikono.

Mombasa nayo ina masharti yake. Hewa ya bahari imeshikisha kutu kila nati ya kitanda chako. Unyevu huotesha kuvu kwenye chochote kilichofungwa kibichi. Na mji wenyewe ni kisiwa, hivyo ukihama kuingia au kutoka kisiwani lazima upite daraja, kama la Nyali au la Makupa, au feri, pamoja na watu wengine wote.

Wiki nne kabla: anza na nyumba unayokwenda

Toa notisi kwa maandishi. Mikataba mingi hutaka mwezi mmoja, lakini soma wako, kwa sababu mingine huhesabu mwezi kuanzia tarehe mosi. Notisi iliyotolewa tarehe 5 inaweza kukugharimu kodi ya mwezi mzima zaidi. Piga picha ya barua na uhifadhi jibu la mwenye nyumba. Muulize pia msimamizi wa jengo taratibu za kutoa vitu. Majengo mengi hayaruhusu vyombo kutoka getini bila barua au simu ya mwenye nyumba kwamba huna deni la kodi, na mengine hayataki watu wahame usiku. Jambo dogo hili likisahauliwa, gari lililojaa husimama getini saa mbili nzima.

Kuchagua tarehe: mwisho na mwanzo wa mwezi ndipo watu wote huhama, na ndipo kanta huwa adimu na ghali. Ukiweza kulipa siku chache za nyumba mbili kwa pamoja, hama katikati ya mwezi, siku ya kazi. Mvua za masika hapa huanza Aprili na Mei ndiyo nzito zaidi. Ukilazimika kuhama wakati huo, turubai si la hiari. Mwezi wa Ramadhani panga kazi ianze alfajiri na iishe kabla ya jua kukaza, maana wabebaji wengi watakuwa wamefunga na si haki kumpandisha mtu aliyefunga orofa ya nne na friji saa nane mchana. Siku ya Ijumaa hesabu kwamba kazi itasimama kuanzia saa sita hivi.

Kisha nenda nyumba mpya na futi ya fundi, kalamu na simu. Pima upana wa mlango wa nje, wa kila chumba, na hasa kona ya ngazi, kwa sababu vitu vikubwa hukwama kwenye kona zaidi ya mlangoni. Milango ya ndani mara nyingi ina kati ya sentimita 70 na 90. Rudi nyumbani upime friji, kochi kubwa, kabati na meza. Kochi lisilopita likiwa limelazwa huweza kupita likisimamishwa wima na kuzungushwa, hasa likishafunguliwa miguu. Kipimo cha kuangalia ni kile kifupi zaidi kati ya kimo na kina. Katika nyumba za Mji wa Kale, zenye ngazi za mwinuko mkali na milango ya mbao mizito, kabati la mbao kubwa pengine liliundiwa ndani ya chumba na halitoki bila kubomolewa na seremala. Jua hilo sasa.

Ukiwa huko huko, fungua bomba zote. Uliza maji huja siku gani, tangi ni la lita ngapi, na kama ni maji ya kampuni au ya kisima. Maji ya kisima yakiwa na chumvi, ya kunywa na ya kupikia utanunua, kwa hiyo utahitaji mitungi ya lita 20 siku ya kwanza. Andika namba ya mita ya stima, nunua tokeni ndogo na uiingize mwenye nyumba akiwapo, ili kama kuna tatizo au deni la mpangaji aliyetangulia mlimalize kabla hujalipa. Tokeni zilizobaki kwenye mita ya zamani hazihamishiki. Katika wiki ya mwisho nunua za siku chache tu.

Kagua pia wadudu. Tazama nyufa za ukuta, nyuma ya soketi na fremu za milango: vidoa vyeusi kama nukta za wino ni alama ya kunguni. Nyumba ikiwa tupu ndiyo nafasi pekee ya kupuliza dawa vizuri. Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha fungua madirisha yote kabla ya mtu kulala humo. Kama kunguni wako unakotoka, usiwahamishe: mashuka, neti na nguo zifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60 na zifungwe safi siku hiyo hiyo, na kitanda cha mbao kipulizwe kikiwa kimefunguliwa. Kuanika juani pekee hakutoshi, kwani mdudu hujificha mshononi.

Wiki tatu kabla: punguza

Kila kitu utakachobeba utakilipia mara tatu, kwa boksi, kwa nafasi garini na kwa mgongo wa mtu. Anzia mahali pasipoangaliwa: juu ya makabati, chini ya vitanda, nyuma ya mlango wa stoo. Huko ndiko kuna ndoo zilizopasuka, redio isiyolia, chaja za simu zisizokuwapo tena, na mitungi mitupu ya rangi. Mfuniko usio na sufuria, tupa.

Pana kitu kimoja ambacho watu hung'ang'ania bure, nacho ni kabati la chipbodi lililovimba kwa unyevu. Mbao hizi za unga ulioshindiliwa hushika skrubu vizuri mara ya kwanza, wastani mara ya pili, na zikishanyonya maji hazishiki tena. Ukiona kingo za chini zimefura kama mkate uliolowa, liuze au ligawe likiwa limesimama. Ukilifungua halitarudi. Samani za mvule au mninga, hata zikiwa za miaka mingi na zina mikwaruzo, nenda nazo.

Vyombo vya watu virudishwe wiki hii: masinia ya shughuli, viti vya plastiki, majamvi. Na vyako vilivyo kwa jirani uvifuate.

Chakula nacho kianze kupungua. Acha kununua unga na mchele wa gunia. Samaki, nyama na nazi iliyokunwa vilivyo kwenye friji vipangiwe kuliwa, maana friji itazimwa siku nzima kabla ya safari, na kwa joto la hapa samaki hamalizi asubuhi.

Vifaa na idadi yake

Bedsita huhitaji katoni 10 hadi 15. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala, 20 hadi 25. Vyumba viwili, 30 hadi 40. Familia yenye vitabu au vyombo vingi iongeze 10. Katoni zuri ni lile lenye kuta mbili za mawimbi: ya mafuta ya kupikia, sabuni, maziwa ya pakiti, matofaa. Maduka ya jumla na supamaketi huyatoa bure au kwa bei ndogo asubuhi wanapopanga bidhaa. Yafungue na kuyaanika juani kwa saa kadhaa kabla ya kuyaingiza ndani, na ukague mikunjo ya chini, kwa kuwa mende hutaga humo. Katoni lililowahi kulowa halifai hata likikauka. Kitako chake hukatika ngazini.

Selotepu pana: kila katoni hula kama mita 3, kitako na juu, mistari miwili kila upande. Roli la mita 50 linafunga katoni 15 hivi. Kwa vyumba viwili nunua roli tatu. Ongeza kalamu mbili za wino mzito, makasi, kamba ya manila mita 30, mifuko midogo ya zipu ishirini kwa ajili ya nati, na magunia safi sita kwa vitu visivyovunjika. Magazeti ya zamani hufaa, lakini wino wake hushika kwenye sahani nyeupe. Weka karatasi tupu au kitambaa ndani, gazeti nje.

Usinunue vya kufunikia wakati una nyumba iliyojaa vitambaa. Leso zilizochakaa, taulo, mashuka na fulana ndizo kinga bora ya vyombo, na zenyewe lazima zisafiri.

Uzito wa katoni usizidi mtungi wa maji wa lita 20 uliojaa. Kila mtu hapa anaujua uzito huo kwa mkono. Vitabu viende katoni ndogo, mito na mablanketi katoni kubwa. Watu hufanya kinyume chake, na ndiyo maana vitako hupasuka.

Andika pembeni mwa katoni, pande mbili zinazokutana, siyo juu, kwa kuwa likipangwa chini ya lingine maandishi ya juu hayaonekani. Andika chumba cha nyumba mpya na namba: JIKO 4, CHUMBA CHA WATOTO 2. Katika daftari orodhesha kilichomo kwa kila namba. Orodha hiyo itakuambia pia kama katoni zote zimefika.

Wiki mbili kabla: funga usivyotumia

Utaratibu ni huu: stoo na vya juu ya kabati, vitabu na mapambo, nguo za sikukuu, vyombo vya wageni, halafu vyumba vya kulala, na jiko la kila siku mwisho. Katoni mbili kila jioni zinatosha. Mtu anayeacha yote kwa siku mbili za mwisho hujaza bila kuchagua, na hubeba takataka hadi nyumba mpya.

Nguo zifungwe zikiwa kavu kabisa, mchana, jua likiwaka. Nguo iliyoanuliwa jioni ina unyevu usiouhisi kwa mkono, na ikikaa kwenye katoni siku tano hutoka na harufu na madoa meusi yasiyofulika. Kanzu, buibui na nguo za kupigwa pasi ziache kwenye henga zake, zikusanye kumi kumi, zipitishie shuka kutoka chini na ufunge juu kwa kamba. Ukifika unazitundika papo hapo. Kofia za kiua zisikunjwe wala kuwekewa kitu juu. Zipachike ndani ya bakuli au sufuria yenye duara linalolingana nazo, ujaze soksi katikati zisimame. Viatu vijazwe karatasi, sio vibaki wazi kula nafasi.

Mikeka na mazulia yapigwe vumbi, yaanikwe, kisha yaviringishwe sura ikiwa ndani. Usiyakunje, mkeka wa ukindu uliokunjwa hukatika kwenye mkunjo.

Jikoni

Hapa ndipo pa kutulia. Weka tabaka la taulo kitakoni. Sahani hufungwa moja moja na husimamishwa wima kwa ukingo, kama zilivyo kwenye kikaushio cha vyombo. Sahani zilizolazwa rundo hubebeana uzito wote, na gari likiruka tuta ile ya chini ndiyo hupasuka. Vikombe na bilauri viwekwe juu, midomo ikiangalia chini, kila kimoja kikiwa na kitambaa ndani na nje. Ukimaliza, litikise katoni taratibu. Likisikika linalia, halijajaa. Ongeza vitambaa mpaka linyamaze.

Sufuria ziingizwe moja ndani ya nyingine, na nafasi ya ndani ya ile ndogo ijazwe viungo vilivyofungwa. Visu vifungwe kwa kadibodi na selotepu, viandikwe KISU. Mbuzi ya kukunia nazi ni hatari zaidi ya kisu, maana kichwa chake chenye meno hutoboa gunia na mguu wa mbebaji. Kikunje, kifunge kitambaa kizito mara tatu na ukikaze kwa kamba. Kinu na mchi havihitaji katoni, ila mchi ufungwe kando usigongagonge. Kifumbu, ungo na kawa ni vyepesi na huvunjika kwa kukandamizwa. Viende juu kabisa garini au mkononi kwa mtoto mkubwa.

Mafuta ya kupikia, siki na achari: fungua mfuniko, weka kipande cha plastiki mdomoni, funga tena, simamisha chupa zote ndani ya ndoo. Chupa moja ya achari ikimwagika kwenye katoni la nafaka imeharibu vyote. Mchele, unga na kunde viende kwenye ndoo zenye mifuniko ya kukaza.

Samani na kutu ya pwani

Siku mbili kabla ya kufungua vitanda, paka kila nati na skrubu mafuta ya kulegeza kutu. Mafuta ya taa nayo husaidia, ingawa polepole. Acha yanywe usiku mzima, rudia asubuhi. Watu wengi hapa huanza kufungua kitanda asubuhi ya kuhama, nati imeganda kwa chumvi, wanailazimisha, kichwa kinalika, na mwishowe mbao inakatwa. Andaa spana namba 10 na 13, bisibisi bapa na ya nyota, funguo za pembe sita, koleo na nyundo ya mpira au nyundo ya kawaida yenye kitambaa.

Piga picha kila kiungo kabla ya kukifungua. Nati zake ziingie kwenye mfuko wa zipu, ziandikwe jina, na mfuko wote ufungwe kwa selotepu kwenye ubao wa kitanda hicho hicho. Usiziweke nati za nyumba nzima kwenye kopo moja. Nati iliyolika ibadilishwe sasa. Duka la vifaa vya ujenzi litakupa ya kufanana ukienda na ya zamani mkononi. Tundu la skrubu lililopanuka kwenye mbao hutibiwa kwa njiti mbili za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, zikakaushwa na kukatwa usawa.

Droo za kabati zitolewe na kubebwa peke yake. Nguo laini zaweza kubaki ndani. Vioo na milango ya vioo ipigwe alama ya X kwa selotepu, ifungwe blanketi, isafirishwe wima. Kioo kilicholazwa hupasuka kwa uzito wake chenyewe kwenye tuta la kwanza. Samadari na viti vyenye nakshi vifungwe blanketi kwanza, kamba baadaye, maana kamba ikigusa nakshi huikwangua.

Friji na vifaa vya umeme

Friji izimwe saa 24 kabla. Iyeyushe barafu, ikaushe kwa kitambaa, toa rafu za vioo na uzifunge peke yake. Mlango ubaki umeachama mpaka dakika ya kubebwa, kwa sababu friji iliyofungwa bila umeme kwa joto la Mombasa huota kuvu ndani ya siku mbili tatu, hasa kwenye mpira wa mlango. Kwenye gari isimame wima. Ndani ya kompresa mna mafuta. Friji ikilazwa, mafuta hayo hupanda kwenye mabomba ya gesi, na ukiiwasha mapema kompresa huzunguka kavu na kuungua. Ikisafiri wima, ingoje kwa muda wa saa tatu au nne kabla ya kuwasha. Ikilazimika kulazwa kwenye ngazi nyembamba, ilazwe kwa ubavu, kamwe isiwe kwa mgongo, kisha isimame saa 24. Taarifa hii mwambie kila mtu wa nyumbani, kwa sababu daima kutakuwa na mwenye kiu atakayechomeka plagi.

Mashine ya kufulia yenye mlango wa mbele hurudishiwa zile bolti za kuzuia pipa zilizokuja nayo dukani. Kama zilishapotea, jaza nafasi kati ya pipa na ganda la mashine kwa taulo nzito na isafiri imesimama. Maji yote yatolewe kwenye mabomba. Runinga bapa isafiri wima katikati ya magodoro mawili, kioo kikiangalia upande laini. Skrubu za miguu kwenye mfuko nyuma yake. Nyaya za king'amuzi na ruta zipigwe picha kabla ya kuchomolewa. Feni ya dari ifunguliwe na fundi umeme, si na hamali.

Gesi, mkaa, mafuta ya taa

Funga valvu ya mtungi, toa regyuleta na mpira, weka kifuniko, simamisha mtungi na uufunge kwenye ukingo wa kanta ulio wazi. Usiulaze wala kuuweka ndani ya gari dogo lililofungwa vioo pamoja na watu. Ukifika, unganisha, paka povu la sabuni kwenye kiungo; povu likitoa mapovu mapya, pana uvujaji. Mafuta ya taa na petroli ya jenereta vimalizwe au vigawiwe. Mkaa uende kwenye gunia lake, mbali na magodoro. Jiko la mkaa lililopika chai ya asubuhi hiyo lisipande gari hata kama majivu yanaonekana yamepoa. Moto hukaa chini ya majivu saa nyingi.

Gari, wabebaji na njia

Pikapu hutosha bedsita. Kanta ya tani 3 iliyopangwa vizuri hubeba nyumba ya vyumba viwili kwa safari moja. Agiza wiki moja mbele, na makubaliano yaandikwe kwenye ujumbe wa simu: wanakotoka na wanakokwenda, orofa ya ngapi pande zote mbili, mahamali wangapi, nani analipa feri na maegesho, na kama kufungua vitanda kumo. Ugomvi karibu wote wa bei hutokana na orofa isiyotajwa. Lipa sehemu ndogo mwanzo, nyingine katoni la mwisho likishaingia ndani.

Nyumba za Kibokoni, Kuze na vichochoro vingine vya Mji wa Kale kanta haifiki mlangoni. Kodi mkokoteni mmoja au miwili uhamishe vitu hadi barabara pana, na weka mtu anayeaminika kila upande, mmoja mlangoni na mmoja kwenye gari, wote wakiwa na orodha ya namba. Usiache rundo barabarani bila mtu.

Upande wa Nyali, Kisauni, Bamburi na Mtwapa, magari huingia kisiwani asubuhi na hutoka jioni. Anayetoka kisiwani aondoke asubuhi, atakwenda kinyume cha msongamano. Anayeingia angoje saa tatu na nusu ipite. Njia ya Makupa kwenda Changamwe, Magongo na Mikindani ina malori ya bandari wakati wowote, kwa hiyo alfajiri ni bora. Kwenda Likoni na Kusini, feri hailipishi watembea kwa miguu, lakini magari hulipa kwa ukubwa, na foleni ya kanta huweza kula nusu ya asubuhi. Kama unahamia Diani au Ukunda, au unatokea Changamwe na Miritini, linganisha na barabara ya Dongo Kundu inayoshukia Kibundani bila kuvuka feri. Ni mwendo mrefu zaidi lakini saa yake inajulikana, na kwa gari la kukodi muda unaojulikana una thamani kuliko mafuta kidogo yaliyookolewa.

Mzigo wa usiku wa kwanza

Huu ufungwe mwisho, uandikwe USIGUSE, na usipande kanta; nenda nao kwenye tuk-tuk au gari la ndugu. Ndani yake: neti na misumari ya kuitundikia, mashuka na mito, taulo, sabuni, karatasi za choo, ndoo na kopo, dawa za kila mtu, maji ya kunywa, sufuria moja, majani ya chai, sukari, thamosi, kiberiti, tochi, balbu mbili, ekstensheni, chaja, ufagio, bisibisi na makasi. Anayependa kufukiza nyumba aongeze chetezo na ubani. Neti isisahauliwe, mbu wa Pwani hawangoji ufungue katoni.

Vitambulisho, pasipoti, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, hati, mkataba, dhahabu na fedha vikae kwenye mkoba mmoja begani kwa mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, na mtu huyo asibebe kitu kingine siku hiyo.

Siku yenyewe

Saa kumi na mbili asubuhi watu wawe wamekunywa chai na vikombe vimefungwa. Watoto wadogo na paka wawe kwa jirani. Wape mahamali maji na uwaeleze mapema kipi kinavunjika. Mtu aliyeambiwa hubeba tofauti.

Gari lipangwe hivi: friji, mashine ya kufulia na kabati zito mbele, karibu na kichwa cha gari, vimesimama na kufungwa. Magodoro pembeni kama ukuta. Katoni nzito chini, nyepesi juu, bila mwanya wa kuteleza. Kochi lisimame kwa upande wake mfupi. Meza kichwa chini juu ya blanketi. Vitanda vipakiwe karibu mwisho, ili viwe vya kwanza kushuka na kuunganishwa. Kaza kamba kwa kila safu, si mara moja juu ya mzigo wote. Turubai juu hata jua likiwaka.

Kabla ya kufunga mlango, pitia nyuma ya milango, kamba ya kuanikia, juu ya tangi, sanduku la mita. Piga video ya kila chumba kikiwa kitupu na kimefagiliwa, soma mita ya maji na ya stima kwa picha, kisha kabidhi funguo mkononi mwa msimamizi na umwombe atie sahihi. Dipoziti hudaiwa kwa ushahidi huo.

Ukifika, mtu mmoja asimame mlangoni akielekeza kila namba chumbani mwake na kutia alama daftarini. Vitanda viunganishwe kwanza, neti zitundikwe, bafu liwe tayari, jiko liwashwe. Mengine yangoje. Katoni za nguo na vitabu zifunguliwe ndani ya wiki mbili na zisikae chini sakafuni zikigusa ukuta, kwani mchwa na unyevu hupandia hapo. Ziinue juu ya vipande vya mbao na uache nafasi ya kiganja nyuma. Kila katoni likiisha, likunjwe na litoke nje siku hiyo hiyo. Mwezi hauishi bila jirani mwingine anayehama, naye atayahitaji.